Matabishi ya Kavuo Emérence

Kavuo Emérence hagusi kompyuta ya mtu kabla ya kuuliza maswali mawili: ilianza siku gani, na siku hiyo ni nini kilikuwa kipya nyumbani. Jibu la pili, anasema, humpunguzia nusu ya kazi. Mara nyingi ni printa iliyonunuliwa Kampala, au mpwa aliyeleta filamu kwenye flashi. Kwa miaka minane maswali hayo hayakumdanganya, mpaka mwaka huu, mwezi wa tano, alipomuuliza Hawa wa Beni, na jibu likawa mtu.

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Masereka, kwa wakulima wa viazi, akaja Butembo, mashariki mwa Kongo, kusomea kompyuta za ofisini. Alipomaliza alikaa miaka minne katika secrétariat public moja, akiwapigia watu chapa barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa na kila aina ya attestation, karatasi za kuthibitisha hili au lile. Alijifunza kufungua mashine kwa sababu fundi aliyeitwa kuzitengeneza alikuwa kila mara anakuja kesho.

Leo hana karakana. Anafanya kazi katika nyumba za watu, na ana sababu. Wateja wake wengi ni familia za wafanyabiashara na wenye malori. Mume yuko Kasindi, au Bunia, au ng'ambo ya mpaka; hafurahi akiambiwa kwamba kijana fulani mwenye bisibisi alikaa salon yake, sebuleni, kuanzia asubuhi hadi saa nane. Mwanamke mwenye bisibisi hamsumbui mtu. Kwa hiyo namba ya Emérence imepita kutoka simu ya mke mmoja hadi ya mwingine, Waislamu na Wakatoliki, Butembo na Beni, nao humwita Maman Ingénieur. Diploma yake haisemi hivyo, lakini ameacha kuwasahihisha.

Ana desturi moja aliyoitoa sokoni. Pale Musienene, siku ya soko, muuza maharagwe akishajaza kipimo huongeza konzi moja juu yake. Hiyo ndiyo matabishi. Asiyeongeza husemwa hadi soko linalofuata. Emérence naye, kazi ikiisha, alikuwa akichomeka flashi yake na kumwekea mteja programu ndogo ya kuchezesha filamu na nyimbo, bure. Video za harusi zilizokataa kufunguka zikawa zinafunguka. Wanawake waliifurahia kuliko hata kazi yenyewe.

Programu hiyo aliipakua mara moja tu, mwezi wa kwanza, katika ofisi ya rafiki yake yenye mtandao mzuri. Aliandika jina la programu mahali pa kutafutia, akabonyeza ukurasa wa kwanza uliojitokeza, akaihifadhi kwenye flashi. Mega, yaani vifurushi vya mtandao, zina bei, na katika kazi hiyo hakuna anayepakua mara ya pili kitu anacho mkononi.

Tangu mwezi wa pili kazi iliongezeka. Nyumba baada ya nyumba ilikuwa na ugonjwa mmoja: mtu akifungua kivinjari, ile programu ya kuingilia mtandaoni, anakuta ukurasa wa kutafutia asioujua. Akitafuta bei ya saruji, anapelekwa kwenye mchezo wa pari, wa kubahatisha pesa. Vidirisha vinaruka pembeni mwa skrini kumwambia ameshinda simu. Emérence aliwaeleza kwamba hicho si kirusi cha kuua mashine. Ni mchuuzi aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi, naye hulipwa kila anapomwonyesha mtu tangazo. Alikuwa anakitoa, anapangusa skrini, kisha anachomeka flashi na kuongeza matabishi. Wiki mbili baadaye wengine walimwita tena. Alimshukuru Mungu kwa baraka ya kazi, kanisani, kwa sauti.

Ndipo Hawa alipopiga simu. Huyu ni mke wa Djuma, mwenye malori mawili yanayobeba bidhaa kati ya Kasindi na Butembo. Emérence alikuwa amefika kwake Beni mara moja tu, kabla ya Ramadhani.

"Maman Ingénieur, mashini yangu imekuwa mubaya. Iko nafungula mambo ya haya."

"Mambo gani, Mama Hawa?"

"Ya telefoni siwezi kuyasema. Banamuke bako nusu uchi. Mutu anatafuta saa ya swala, bale banajitokeza benyewe."

"Ilianza siku gani?"

"Kisha Idi. Siku ya ine."

"Na siku ile, nini ilikuwa mupya mu nyumba?"

"Kasimu," alisema. "Mudogo wangu. Alikuya siku ile ile."

Emérence alimwambia atashuka Jumanne. Alipokata simu, kichwa chake kilikuwa kwenye vitu, si kwenye watu. Alidhani huyo Kasimu alikuja na flashi. Hakufikiri kwamba swali lake lingebaki katika nyumba ile siku nne nzima, likifanya kazi bila yeye.

Jumanne alimkuta Djuma mwenyewe salon, jambo lisilo la kawaida. Lori moja lilikuwa linapakuliwa bila yeye. Hawa alileta chai, akakaa ukingoni mwa kiti. Nje, karibu na jiko, kijana wa miaka ishirini na saba alikuwa amekaa juu ya kigoda akisoma kitabu ambacho hakugeuza kurasa zake. Huyo ndiye Kasimu. Aliikimbia Manguredjipa watu walipokuwa wanaikimbia kwa hofu ya wenye silaha, na tangu alipofika anawafundisha watoto thelathini na mmoja Kurani uani mwa msikiti, Jumamosi na Jumapili. Masomo alikuwa anayaandaa kwenye kompyuta ya dada yake.

Hawa alimweleza mgeni mambo yalipofika. Jumamosi baba wawili wa watoto hao walikuja nyumbani kuchapisha karatasi, wakayaona yale yaliyojitokeza kwenye skrini. Ijumaa, baada ya swala, comité, kamati ya msikiti, ingekaa kumnyang'anya Kasimu darasa. Na Djuma alishasema kwamba mtu aliyefukuzwa na msikiti hawezi kulala kwake, arudi alikotoka.

"Kule alitoka hakuna mutu tena," Hawa alisema, akimwangalia Emérence wala si mume wake.

"Minataka kitu moja tu," Djuma alisema. "Unionyeshe nani alifungula bile bintu."

"Na kusafisha?"

"Utasafisha kisha. Kwanza jina."

"Mashini haiandikake majina, Bwana Djuma. Inaandika tarehe."

"Bon, tarehe. Mais tarehe tunaijua."

Emérence alikata mtandao kwanza, kama afanyavyo siku zote, ili kinachotolewa kisipate njia ya kujirudisha. Kisha alifungua orodha ya programu zote zilizomo ndani ya mashine na kuipanga kwa tarehe za kuingizwa. Hapo wageni hujianika wenyewe, maana huja kwa kundi siku moja. Aliangalia mwezi wa nne, mwezi ambao Kasimu alifika. Haukuwa na kitu. Alishuka hadi mwezi wa tatu, napo hapakuwa na kitu. Tarehe ishirini na moja mwezi wa pili kulikuwa na vitatu: kimoja kilijiita msaidizi wa kutafuta, kingine kiliahidi kumtafutia mtu bei nafuu, na cha tatu kilikuwa ile programu yake ya filamu.

Hakuhitaji kuangalia popote kujua siku ile alikuwa wapi. Ilikuwa Ijumaa, na Hawa alikuwa akimharakisha amalize kabla wanaume hawajatoka kwenye swala. Alikuwa amekaa kwenye kiti hikihiki.

Aliendelea kukodolea skrini huku mambo mengine yakijipanga kichwani. Kwa nini matangazo hayakuonekana hadi baada ya Idi? Kwa sababu nyumba haikuwa na mtandao. Djuma huondoka na simu yake. Ya Hawa ni ya vitufe. Kasimu ndiye aliyefika na simu yenye mega, akaigawia kompyuta. Wale wachuuzi walikuwa wamelala ndani wiki sita wakingoja njia, naye akawafungulia bila kujua.

Njia rahisi ilikuwepo, na Emérence hakatai kwamba aliifikiria. Angeweza kusafisha, kusema virusi vimetoka mtandaoni, kunywa chai yake na kuondoka. Hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angemkosoa. Lakini mtandao uliingia nyumbani pamoja na Kasimu. Neno lolote ambalo angelisema, akijiacha nje, lingemwangukia kijana aliye kwenye kigoda.

Alitaka kuwa na hakika. Alitoa laptop yake mkobani, akachomeka flashi na kuianzisha programu ya filamu kama anavyoianzisha kwa wateja, ila safari hii alisoma kila dirisha kabla ya kubonyeza "Suivant", yaani endelea. La kwanza lilikuwa salamu, la pili lugha. Katika la tatu, chini kabisa, kwa herufi za kijivu ndogo kuliko nyingine, kulikuwa na visanduku viwili vilivyokwisha tiwa alama: anayeendelea amekubali pia msaidizi wa kutafuta na mtafuta bei nafuu. Alikuwa amelibonyeza dirisha hilo katika nyumba kumi na tisa bila kulisoma hata mara moja.

"Bwana Djuma, kuya uone," alisema. "Mama Hawa, na weye. Na Kasimu pia."

"Kasimu anakuya kufanya nini huku?"

"Anakuya kusoma tarehe. Si ni mwalimu?"

Kasimu aliingia, akasimama mbali kidogo na mashine kana kwamba ingemchoma. Emérence alimwonyesha kwa kidole.

"Makumi mbili na moja, mwezi wa pili," alisoma.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Manguredjipa. Nilikuwa nauzisha sabuni."

Djuma aliinama, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza. "Donc nani? Mwezi wa pili miye nilikuwa Kasindi. Bibi yangu hajue hata kuiwasha."

Hawa alikuwa anahesabu siku, kisha macho yake yakasimama kwa Emérence.

"Ni miye," Emérence alisema. "Nilikuya siku ile, nikaweka ile ya filme. Ile ya filme iliingia na benzake. Kasimu hana kitu ndani. Munisamehe."

Djuma alinyanyuka kutoka kwenye skrini. "Balikulipa juu ya kutuletea bale banamuke?"

"Hapana. Ilikuwa matabishi."

"Matabishi." Djuma alilirudia neno akilipima. "Muuza ndizi ananiongezeaka ndizi moja. Weye uliniongezea banamuke kumi na mbili."

"Na chakula yabo angepika nani?" Hawa aliuliza.

Djuma alicheka kwa pua, mara moja, akaacha. Kasimu hakucheka. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, cha kwanza kukikalia salon tangu Jumamosi.

Kusafisha kulichukua saa mbili na Emérence hakukubali kuharakishwa. Alizitoa zile tatu, ya kwake ikiwa ya kwanza. Kisha alienda kwenye orodha ya kazi ambazo mashine hujipangia yenyewe, kwa sababu hapo wachuuzi huacha mlinzi: kila saa sita mchana kulikuwa na amri ya kuwarudisha ndani waliofukuzwa. Akaifuta. Alichunguza alama ya kivinjari iliyo kwenye skrini na kukuta anwani ngeni imebandikwa nyuma yake, ili kila anayeifungua apelekwe kwao kwanza. Akaikata. Ndani ya kivinjari aling'oa viongezi viwili, akarudisha ukurasa wa kutafutia wa zamani, akafuta ruhusa za tovuti kumi na moja zilizokuwa na haki ya kurusha vidirisha. Alizima mashine na kuiwasha mara tatu. Mara ya tatu alimwomba Kasimu arudishe mtandao kwa simu yake na atafute saa ya swala. Ilitokea saa ya swala, na hakuna kingine.

Alikuwa anafunga mkoba pale Kasimu alipofungua kinywa.

"Maman, uniandikie."

"Nini?"

"Ile tarehe. Shemeji anaisikia, ni sawa. Mais bale ba comité bao hawakuwa hapa. Maneno inapitaka. Karatasi inabakiaka."

"Na jina langu ndani?"

"Karatasi bila jina, ni karatasi ya nani?"

Emérence alijua alichokuwa anaombwa. Alikuwa amechapa mamia ya attestation katika maisha yake, na alijua kwamba karatasi ikishatoka mlangoni haimwulizi mwandishi wake inaelekea wapi. Malori ya Beni hufika Butembo kila siku. Hawa, aliyekuwa ameshika sinia, alimtazama na kusema taratibu, "Kasimu, uyu mama anakula na hii kazi."

"Na miye ninakula na ile yangu, yaya," Kasimu alimjibu dada yake.

Emérence aliomba kalamu. Aliandika kwa mkono kwamba yeye, Kavuo Emérence, mkazi wa Butembo, aliingiza katika kompyuta ya nyumba ya Bwana Djuma, tarehe ishirini na moja mwezi wa pili, programu ambayo hakuwa ameikagua. Kwamba programu hiyo ndiyo iliyoleta picha zilizoonekana. Kwamba Bwana Kasimu hakuwepo Beni siku hiyo na hahusiki kwa lolote. Aliongeza namba yake ya simu ili anayetaka kumuuliza amuulize. Alitia sahihi. Djuma aliisoma mara mbili, akasema karatasi bila muhuri ni barua ya mapenzi, akaenda chumbani na kurudi na muhuri wa malori yake. Aliupiga chini, upande wa shahidi.

Kisha alimpa Kasimu karatasi kwa mikono miwili. "Mwalimu," alisema, "uitunze vizuri." Neno hilo hakuwa amemwita tangu Jumamosi.

Ijumaa karatasi ilisomwa. Emérence hakuwepo, Hawa alimsimulia kwa simu. Mmoja wa comité aliuliza mwanamke wa Butembo amelipwa kiasi gani kuandika hivyo. Mwingine akamjibu kwamba hakuna pesa ya kumfanya fundi aandike kwamba ameharibu kazi. Kasimu alibaki na darasa lake. Jumamosi walikuja watoto ishirini na tisa. Wawili, watoto wa wale baba waliokuja kuchapisha, hawakuja.

Emérence aliifuta programu ile kwenye flashi, kisha akaifuta flashi nzima. Aliandika orodha ya nyumba kumi na tisa alizowahi kuiweka na kuanza kuzizungukia bila malipo. Alijiwekea sharti: kusema mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Katika nyumba ya pili hakufunguliwa. Ya nne ni ya Éliakim, mzee mwenye duka la vipuri, aliyesikiliza mpaka mwisho na kukataa isitolewe. "Ile ya filme inafanya vizuri," alisema. "Bale ba pembeni nimeshabazoea." Ilibidi akae naye nusu saa kumweleza kwamba kuna programu nyingine ya namna hiyo isiyokuja na wageni, na kumwonyesha dirisha kwa dirisha wakati wa kuiingiza. Sasa huonyesha hivyo kila nyumba: mwenyeji ndiye anayesoma kwa sauti, yeye ndiye anayebonyeza.

Nyumba ya saba iko Furu, mtaa wa Butembo, kwa Masika Adèle, directrice, mkuu wa shule ya msingi, mwanamke asiyependa kuzungushwa. Alikuwa amesimama mlangoni simu ikiwa mkononi. Emérence alifungua kinywa kuanza.

"Ngoja," Adèle alisema. Akamgeuzia simu. Ilikuwa picha ya karatasi, pamoja na muhuri wa malori na mikunjo yake. "Ni weye uliandika hii?"

"Ni miye."

"Na mashini yangu ni vile vile?"

"Ni vile vile, Madame. Nimekuya kuitosha ile ya filme."

Adèle alirudisha simu machoni, akaisoma tena polepole, kama anavyosoma ripoti ya mwalimu aliye chini yake. "Na uyu kijana? Balimurudishia batoto?"

"Bote, isipokuwa babili."

"Bale babili, bazazi yabo bao hawajue kusoma?"

"Banajua. Banasema karatasi haina uso."

Adèle alisogea kando ya mlango ili apite. "Basi utafanya nini?"

Emérence aliinama kufungua kamba za viatu. "Siku ya posho, Jumamosi ile ya darasa, ninashuka Beni," alisema. "Nibapelekee uso."